Treni ya Mezani: Historia Fupi ya Kuogopa, Kununua na Kufungua Mashine



Jumamosi moja asubuhi nilishuka kwenye daladala pale Gerezani nikiwa na orodha fupi mfukoni: bodi moja ya Arduino, chipu ya kuendeshea mota aina ya L298, dayodi kumi, rezista za namba mbalimbali, waya mwembamba wa rangi mbili na lehemu ya kutosha. Kwa mtu ambaye shahada zake zote ni za historia, orodha hiyo ilikuwa ngeni kidogo. Sikuwa mbali na stesheni mpya ya reli ya kisasa, na Kariakoo ilikuwa imekwisha kuamka. Nilikuwa natafuta vifaa vya kutengenezea mfumo wa kidijitali wa kuendesha treni, ingawa treni yenyewe ilikuwa ya kukaa juu ya meza ya kulia chakula.

Chanzo cha safari ile ni swali la mwanafunzi. Tulikuwa darasani tukijadili historia ya uchukuzi nchini, nami nikasema kwa kujiamini kwamba SGR inaongozwa kidijitali. Binti mmoja aliyeketi nyuma akanyoosha mkono: "Daktari, unaposema kidijitali unamaanisha nini hasa? Treni inajuaje kwamba ni yenyewe inayoambiwa isimame?" Nilijibu kwa maneno mengi. Nilipomaliza nilitambua kwamba sikuwa nimejibu kitu.

Nyumbani nilikuwa na sanduku ambalo sikuwa nimelifungua kwa miaka mingi. Nilipokuwa masomoni Ujerumani nilinunua, kwenye soko la vitu vilivyotumika, vipande vya reli ya mfano, vichwa viwili vya treni na mabehewa machache, vyote katika kipimo cha 1 kwa 87. Niliamua kwamba swali la binti yule litajibiwa kwa sanduku lile, na kwamba kifaa cha kuongozea treni hizo hakitanunuliwa kikiwa tayari. Tungekitengeneza wenyewe.

Hoja ninayoileta leo imetokana na kazi hiyo. Kwa zaidi ya karne moja tumehusiana na mashine zinazoongoza maisha yetu kwa njia tatu: tumezitumikia bila kuelezwa, tumezipiga marufuku kwa kuziogopa, na tumezinunua zikiwa zimefungwa. Njia ya nne, ya kuifungua mashine, kukosea kwa gharama ndogo na kujifunza, tumewaachia mafundi wa mitaani, kisha tukawadharau kwa kuifuata.

Reli tatu, funguo mbali

Dar es Salaam ni jiji la reli tatu zenye upana tofauti. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga hapa mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba kati ya 1970 na 1975, ina milimita 1,067. SGR, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Pugu mwezi Aprili 2017, ina milimita 1,435. Kila upana una enzi yake, mkopo wake na lugha yake ya kiufundi.

Reli ya njia moja ina sheria mama: kati ya stesheni mbili isiwepo zaidi ya treni moja kwa wakati mmoja. Zamani sheria hiyo ililindwa kwa simu na karatasi. Mkuu wa stesheni humuuliza mwenzake wa mbele kama njia iko wazi. Akijibiwa ndiyo, huandika ruhusa, na dereva huipokea kwa mkono kabla ya kuondoka. Tukiutazama utaratibu huo vizuri, tutaona kwamba ni programu kamili isiyo na kompyuta: kuna sharti, swali, jibu na kumbukumbu.

Waliofanya kazi hiyo waliielewa hatua kwa hatua. Lakini maarifa ya juu, yaani michoro, viwango na karakana kuu, yalikaa mbali. Kuanzia 1948 reli zetu zilikuwa chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, makao yake makuu yakiwa Nairobi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 tulibaki na reli na vichwa vya treni, tukaanza kujenga shirika letu huku sehemu kubwa ya taasisi na nyaraka ikiwa upande wa pili wa mpaka. Mali iligawanywa kwa hesabu. Ujuzi haukugawanyika kwa urahisi namna hiyo.

Tukumbuke pia kwamba jina Kariakoo lenyewe linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliokuwa na kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mahali ambapo reli haikufika, mzigo ulibebwa vichwani. Mtaa wetu wa biashara umebeba jina la watu walioongozwa kwa amri bila kuonyeshwa ramani.

Marufuku ya 1974

Vijana wengi hushangaa ninapowaambia kwamba nchi hii iliwahi kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Kompyuta ya kwanza, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka michache baadaye mfumo wa hesabu za Serikali uliotegemea kompyuta ulikwama na kuleta hasara, na mwaka 1974 ikatoka amri ya kuzuia kuingiza kompyuta na vifaa vyake. Zuio hilo lililegezwa kidogo kidogo baadaye.

Ni rahisi kuwacheka viongozi wa wakati ule. Mimi siwacheki. Fedha za kigeni zilikuwa chache, mtaalamu wa kuirekebisha mashine alitoka nje, na mashine iliyoshindwa ilikuwa imegusa hazina ya taifa. Walichokosea, kwa maoni yangu, ni kuchukua kutofahamu kama sababu ya kufunga mlango, ilhali kutofahamu kulikuwa sababu ya kuanzisha darasa. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimefunguliwa mwaka mmoja tu kabla, 1973. Vijana ambao wangeweza kuifungua ile mashine na kueleza imekwama wapi ndio kwanza walikuwa wameingia mwaka wa kwanza.

Wakati milango rasmi imefungwa, elimu ya elektroniki iliendelea barazani. Redio ilipoharibika haikutupwa. Fundi aliifungua, akafuata mkondo wa umeme kwa kidole na kipimo, akabadilisha transista au kapasita, mara nyingi kwa kuchomoa kutoka redio nyingine iliyokufa. Hao ndio walimu niliowakuta Kariakoo.

Chini ya meza

Kabla ya kuendelea na Kariakoo, tuone wenzetu walivyofanya na treni za mfano. Mwaka 1946 wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, waliunda klabu ya reli ya mfano. Klabu hiyo iligawanyika yenyewe pande mbili. Kulikuwa na waliopenda mandhari ya juu ya meza, yaani vilima, nyumba na rangi za mabehewa. Na kulikuwa na kamati ya ishara na umeme, waliolala chini ya meza wakiunganisha nyaya na swichi za simu zilizokwisha kutumika. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vijana wa chini ya meza walianza kuzisogelea kompyuta za chuo, na wengi wakawa miongoni mwa waandishi wa mwanzo wa programu. Neno "hacker" lilipata maana yake ya kompyuta katika kundi hilo, na kwao lilikuwa sifa: mtu anayeijua mashine kwa kuifungua.

Wakati huo treni za mfano ziliendeshwa kwa njia ya kale. Ukiongeza volti kwenye reli, treni inakwenda kasi. Ukigeuza chanya na hasi, inarudi nyuma. Tatizo ni kwamba kila treni iliyoko kwenye reli hiyo hutii pamoja. Ukitaka moja isimame na nyingine iende, lazima ukate reli vipande na kuweka swichi kwa kila kipande.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Lenz ya Ujerumani ilibuni njia nyingine, na katika miaka ya 1990 chama cha wapenzi wa reli za mfano cha Marekani kikaifanya kuwa kiwango cha wazi kiitwacho DCC. Kwa nini nasisitiza neno "wazi"? Kwa sababu maelezo yake yamechapishwa, na mtu yeyote anaweza kuyasoma na kutengeneza kifaa chake bila kumpigia mtu magoti.

Mfumo wenyewe ni huu. Reli hubaki na umeme wa nguvu ileile muda wote, ila mwelekeo wake hugeuzwageuzwa maelfu ya mara kwa sekunde. Ujumbe umo katika muda wa kugeuza. Nusu ya wimbi ikichukua mikrosekunde 58, hiyo ni moja. Ikichukua mikrosekunde 100 au zaidi, hiyo ni sifuri. Moja na sifuri hizo hupangwa kuwa anwani, amri, na mwisho namba ya uhakiki inayokokotolewa kutokana na zilizotangulia. Ndani ya kila kichwa cha treni kuna kisimbuzi, ndugu wa kile tulichonacho juu ya televisheni. Kisimbuzi husikia kila ujumbe, hupima kama namba ya uhakiki inalingana, hutupa ujumbe ulioharibika, na hutii ule wenye anwani yake tu.

Darasani nilitumia mfano wa Gerezani. Konda anapopaza sauti "Gongo la Mboto! Gongo la Mboto!" kituo kizima kinamsikia, lakini anayeinua mguu ni wa Gongo la Mboto. Binti yule aliyeuliza swali alicheka, akaandika.

Fyuzi iko wapi?

Vifaa nilivipata vyote ndani ya saa mbili, vingine Mtaa wa Aggrey, vingine kwenye vibanda vya nyuma. Bodi ya Arduino, ambayo ilibuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi, ndiyo ingepanga moja na sifuri. Chipu ya L298 ingezipa nguvu ya kuendesha mota. Programu ya kufanya hivyo ipo bure, imeandikwa na wapenzi wa treni na kutolewa kwa umma.

Jioni ya kwanza treni ilitembea. Jioni ya pili kichwa kimoja kilitoka kwenye reli kikalala, gurudumu likaunganisha reli mbili, na harufu ya chipu kuungua ikajaza sebule. Nilinunua nyingine. Ikaungua vilevile.

Nilirudi Kariakoo na kupelekwa kwa mzee mmoja fundi redio, ambaye meza yake iko kwenye korido kati ya maduka mawili. Nikamwamkia "Shikamoo mzee", nikaeleza matatizo yangu kwa lugha ya kitaalamu niliyoiokota vitabuni. Aliitazama bodi yangu kwa muda, akaigeuza, akaniuliza: "Mwanangu, fyuzi iko wapi?"

Sikuwa nimeweka fyuzi. Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi kuhusu anwani na mikrosekunde, nikasahau kujiuliza kitu gani kitatokea mambo yakienda vibaya. Mzee yule hakuwa amewahi kusikia habari za DCC. Lakini nilipomweleza kwamba mfumo hugeuza umeme mara kwa mara, alichora kwenye karatasi ya boksi jinsi ya kupima mkondo kwa rezista ndogo ili bodi ikate umeme kabla chipu haijaungua. Aliongeza sentensi ambayo nimeirudia darasani mara nyingi: kifaa kizuri ukikijua kinavyofanya kazi umejua nusu, nusu nyingine ni kukijua kinavyokufa.

Swali la Igandu

Siku ya kuonyesha darasani, treni zote mbili zilitembea kwenye reli moja, kila moja na mwendo wake. Wanafunzi walipiga makofi. Kisha mmoja wao, bila ubaya, akabonyeza amri ya kurudi nyuma kwa treni ya mbele. Ikarudi, ikagonga ya nyuma, mabehewa yakaanguka sakafuni.

Kila kitu kilikuwa kimefanya kazi sawasawa. Amri ilikuwa halali, anwani ilikuwa sahihi, uhakiki ulilingana, kisimbuzi kilitii. Mfumo haukujua tu treni ziko wapi. Kutuma amri ni jambo moja na kujua hali halisi ya njia ni jambo jingine.

Darasa lilinyamaza, nami nikakumbuka mwaka 2002 nilipokuwa mwanafunzi kama wao. Tarehe 24 Juni mwaka huo, karibu na Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa na watu zaidi ya 1,200 ilirudi nyuma kwenye mteremko na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Ni miongoni mwa ajali mbaya kabisa za reli katika historia ya Afrika. Wanafunzi wangu wengi hawakuwa wamezaliwa au walikuwa wachanga. Niliwasimulia, na yale mabehewa sakafuni hayakuwa tena ya kuchekesha.

Binti yuleyule akauliza swali la pili: "Sasa mfumo ungejuaje kwamba treni inarudi nyuma bila kuambiwa irudi?"

Tulitumia wiki tatu kulijibu. Tulikata reli vipande sita, kila kipande kikapata umeme kupitia dayodi chache. Treni ikiwa juu ya kipande, hata ikiwa imesimama, kisimbuzi chake huvuta mkondo kidogo. Mkondo huo huacha volti ndogo kwenye dayodi, nayo huwasha kitambuzi kinachoipa bodi taarifa: kipande cha nne kina mgeni. Mabehewa nayo tuliyafunga rezista ndogo kwenye ekseli ili yaonekane. Kisha tukaandika sharti: treni ikionekana kwenye kipande ambacho haikuruhusiwa kuwapo, kata umeme kwenye reli yote. Ni sharti lilelile la mkuu wa stesheni na karatasi yake, limevaa nguo mpya.

Sisemi kwamba dayodi za Kariakoo zingezuia Igandu. Treni halisi yenye uzito wa mamia ya tani haisimami kwa kukata umeme, na breki zake ni elimu nyingine kabisa. Nasema kwamba maswali ambayo hatimaye huokoa maisha huzaliwa mahali ambapo mtu anaruhusiwa kugonga treni mbili bila kumuua mtu. Nchi isiyo na mahali hapo hujifunza kwenye njia kuu, ambako gharama ya kosa ni makaburi.

Kesi ya programu ya mchezo

Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanaweza kusema kwamba mambo ya treni za mfano ni mchezo wa watu wenye nafasi. Niwape kisa kimoja. Bob Jacobsen, mwanafizikia wa Berkeley, California, ni miongoni mwa waandishi wa JMRI, programu huria ya kuongozea reli za mfano kwa kompyuta. Mfanyabiashara mmoja mwenye hataza katika eneo hilo alimdai zaidi ya dola 200,000. Jacobsen alikwenda mahakamani, na katika shauri hilo ikaonekana kwamba kampuni ya mdai wake ilikuwa imetumia mafaili ya JMRI bila kufuata masharti ya leseni yake.

Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya Marekani iliamua, katika shauri la Jacobsen dhidi ya Katzer, kwamba masharti ya leseni huria yana nguvu chini ya sheria ya hakimiliki. Uamuzi huo uliotokana na treni za mezani umekuwa ngao kwa programu huria za kila aina, zikiwamo zile zinazoendesha simu na seva za ofisi zetu. Ni watu wa chini ya meza waliotuachia urithi huo, na waliweza kuutetea kwa sababu waliijua kazi yao mstari kwa mstari.

Nini kifanyike?

Tangu tarehe 14 Juni 2024 abiria wanasafiri kwa SGR kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na mwezi uliofuata safari zikafika Dodoma. Njia hiyo imejengwa kwa kiwango cha Ulaya cha ETCS daraja la pili: treni hupata ruhusa ya kwenda kwa redio, hujua mahali ilipo kwa vifaa vilivyolazwa kati ya reli, na kompyuta iliyomo ndani hufunga breki dereva akizidisha. Ni hatua kubwa na ninaipenda. Swali langu linahusu ujuzi ulioko nyuma ya hatua hiyo.

Kwanza, kila mkataba wa mfumo wa kidijitali wa Serikali utamke wazi haki ya wahandisi wetu kupata michoro, nyaraka na mafunzo ya kina, zaidi ya mafunzo ya kubonyeza vitufe.

Pili, DIT, ambayo iko mwendo mfupi wa miguu kutoka Kariakoo, vyuo vya VETA na Chuo cha Reli Tabora viwe na maabara za reli ya mezani. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kichwa kimoja cha treni, na kosa lake husafishwa kwa ufagio.

Tatu, mafundi wa elektroniki wa mitaani waalikwe kufundisha. VETA tayari ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Tuupanue ufike kwenye korido za Kariakoo. Simaanishi kwamba fundi redio akaguse ishara za SGR. Usalama wa njia kuu una taratibu zake na lazima ziheshimiwe. Namaanisha kwamba mwanafunzi wa uhandisi asihitimu bila kuulizwa na mtu wa aina ile, angalau mara moja, fyuzi iko wapi.

Mwezi uliopita nilimpelekea mzee yule picha za video za treni zetu. Alizitazama mara mbili, akataka kuona mahali ambapo mfumo unakata umeme wenyewe, akaridhika. Kisha akaelekeza kidevu upande wa stesheni mpya, akauliza: "Na ile kubwa, michoro yake anayo nani?"

Nilimwambia nitauliza. Makala hii ni sehemu ya kuuliza.